Mkono wa Belhassen

Kairouan, 11 Mei

Kwa Mama Mdogo Naziha,

Nakusalimu wewe na Baba Mdogo Abdelhak, nikitumaini kwamba mji wa Constantine umewaondolea baridi yake. Sisi hapa tu wazima. Goti la Mama limepungua uvimbe tangu alipoacha kupanda darini kuanika nguo. Dada Rym amekubali posa ya yule mfamasia wa Sousse, ingawa kila tukimtania anajifanya hajui tunamzungumzia nani. Bibi Mannoubia amekaa karibu nami kuhakikisha kwamba barua hii inaandikwa, maana hukumu ni yake. Baada ya wewe kunikatia simu siku ya Idi, nami kukukatia siku iliyofuata, alininyang'anya simu akasema: "Nyie wawili mkisikiana sauti mnapandwa na mashetani. Andikianeni. Mtu akiandika, angalau anaachwa amalize sentensi." Basi natii.

Nimekubaliwa katika jukwaa la wanafunzi wa uzamivu kwenye kongamano la uchambuzi wa nyaraka litakalofanyika Mahdia mwezi Oktoba. Wewe ndiwe mwenyekiti wa jukwaa hilo, hivyo habari hii si ngeni kwako. Kila mwanafunzi atapangiwa mlezi, mtaalamu mkubwa atakayeketi naye saa nzima na kumshauri. Ombi langu ni moja: nipangiwe Profesa Hagop Keshishian wa Beirut.

Sababu unaijua nusu. Sasa ijue yote. Miaka yangu ya uzamivu imekwisha. Msimamizi wangu, tangu ahamie Kanada, hunijibu kama mtu anayetoa sadaka njiani. Baraza la kitivo chetu huko Sfax limeniambia waziwazi: mtaalamu wa nje akiandika kwamba kazi yangu inafaa kutetewa, watanifungulia mlango, asipopatikana kabla ya kikao cha Desemba, jina langu litafutwa. Hakuna rufaa. Na kwa fani yetu, mkono wa Keshishian ukiwa chini ya karatasi, hakuna baraza litakalouliza swali la pili.

Kazi yenyewe unaifahamu. Nimeifundisha mashine kusoma mwandiko wa Kiarabu wa Kimaghribi katika rejesta za wathibitishaji wa hati wa mji huu: mikataba ya mizeituni, mirathi, talaka. Niliifundisha kwa rejesta za Sheikh Belhassen, kisha nikaitahini kwa rejesta za mwenzake wa ofisini, Babu Hamda, baba yako, ambaye mashine haikuwahi kuuona mkono wake. Ikasoma sawasawa herufi tisini na nne katika kila mia. Kusoma mkono usiouzoea ndilo fundo ambalo fani yetu imeshindwa kulifungua, na mimi nimelifungua.

Utasema huu ni upendeleo. Napinga. Upendeleo ni kumpa mtu asichostahili. Kumnyima anachostahili kwa sababu tu ni mtoto wa dada yako ni dhuluma iliyovaa joho la uadilifu. Nasubiri jibu lako.

Mwanao,
Skander

*

Constantine, 2 Juni

Mwanangu Skander,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili nikiwa nimekunywa kahawa. Mpe Rym pongezi zangu, na mwambie wafamasia hawaugui mapenzi kwa urahisi, wakiugua hawaponi. Abdelhak anakusalimu. Anachoka haraka siku hizi, lakini ulimi wake ni uleule: amesema joho la uadilifu halinikai vizuri mabegani, limetengenezwa kwa mtu mrefu zaidi.

Jibu ni hapana. Faili lenye jina lako lilipofika mezani nilitoka chumbani, na wenzangu wawili ndio watakaokupangia mlezi. Hata jina la mlezi utakayepewa sitalijua kabla yako.

Lakini muhtasari wako niliusoma kabla sijatoka, kama wanakamati wote. Nina swali moja, na sikuulizi kama mwenyekiti. Umejuaje kwamba mkono ulioandika rejesta za Baba si mkono ulioandika rejesta za Belhassen?

Usinijibu haraka.

Mama Mdogo wako,
Naziha

*

Kairouan, 9 Juni

Kwa Mama Mdogo Naziha,

Salamu. Mama hajambo, Bibi hajambo, jua limeanza kuuma.

Nakujibu haraka, kwa sababu swali lako halihitaji muda. Hati ya mthibitishaji haisimami bila saini mbili. Ndiyo maana kila ofisi ina wawili. Kila mmoja ana rejesta zake, na jina lake limeandikwa juu ya jalada. Rejesta za Babu zina jina la Babu, na chini ya kila ukurasa ipo saini ya Babu. Ushahidi gani zaidi unautaka? Miandiko yao inafanana, hilo sikatai; nimelieleza katika sura ya pili ya tasnifu. Walisoma madrasa moja, kwa mwalimu mmoja aliyewachapa kwa fimbo ileile. Kufanana kwao ndiko kunakoufanya mtihani uwe wa kuvutia.

Sikutegemea kwamba mtu wa kwanza kutilia shaka mkono wa baba yako angekuwa binti yake. Labda miaka mingi huko kwenye mji wa magenge na madaraja imekufanya uwe Mconstantine kamili: unakitazama kila kitu kutoka juu ya daraja.

Kuhusu kutoka kwako chumbani, nakuheshimu. Sikusifu.

Skander

*

Kairouan, 20 Julai

Kwa Mama Mdogo Naziha,

Wiki zinapita na barua haiji. Kama ni lile neno la daraja, nalirudisha. Mama amekupigia simu akaambiwa umetoka. Amekupigia tena akaambiwa umelala. Rym ataolewa majira ya kuchipua. Bibi amepoteza miwani na anamtuhumu kila mtu isipokuwa paka.

Nina habari njema, na najua imetoka kwako hata ukikana. Nimepangiwa Keshishian. Niliposoma jina lake niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye taa ya ukumbini. Sitakuuliza ulifanyaje. Nasema ahsante, na nayafuta yote niliyoandika juu ya joho.

Ili kulizika swali lako, nilimwuliza Bibi wakati wa chakula cha mchana.

"Bibi, Babu alikuwa akiziandika rejesta zake mwenyewe, sivyo?"

"Kwani aandike nani? Jina juu ni la nani?"

"La Babu."

"Basi unauliza nini? Kula."

"Nauliza mkono, Bibi, siulizi jina."

"Mkono, mkono! Mjukuu gani huyu anamkagua marehemu kama afisa wa forodha? Babu yako watu walikuwa wakizitoa hati zake sandukuni wakawaonyesha wageni, kwa uzuri wa maandishi. Mpaka imamu alisema! Kula, mlukhiya inapoa."

Kisha akainuka, akaenda kuumwagilia maji mti wa yasmini ambao Mama alikuwa ameshaumwagilia asubuhi. Nadhani umepata jibu.

Mwanao mwenye furaha,
Skander

*

Constantine, 14 Agosti

Mwanangu Skander,

Usiniulize habari za Julai. Nilikuwa na shughuli, na nyumba imekuwa pana sana kwa mtu mmoja kuifagia. Mwambie dada yangu nitampigia mwenyewe.

Keshishian hukupewa na mimi. Wenzangu walikupa yeye kwa sababu ndiye aliyeomba, baada ya kuusoma muhtasari wako. Hilo lingepaswa kunifurahisha.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikipeleka kahawa ofisini kwa Baba, karibu na soko la mazulia. Nitakueleza walivyofanya kazi. Watu waliingia wakigombana, aghalabu ndugu kwa ndugu. Baba hakuweza kukaa kitini. Alitembea, aliwasikiliza, aliwapoza, aliwachekesha, mpaka wakakubaliana nani achukue mizeituni ya kaskazini. Belhassen alikuwa pembeni, haongei, anaandika. Akimaliza, alisoma kwa sauti. Baba alisema, "Taja na mfereji wa maji, la sivyo watoto wao watauana," na Belhassen akautaja. Kisha wote wawili wakatia saini. Hati ikiwa ya zamu ya Belhassen, iliingia rejesta ya Belhassen. Ikiwa ya zamu ya Baba, iliingia rejesta ya Baba. Aliyeandika zote mbili ni Belhassen. Baba alikuwa na mwandiko kama njia ya kuku, na alijua. Wathibitishaji wote wa mji ule walifanya vivyo hivyo: mmoja huandika, wawili hushuhudia. Si siri na si aibu. Ni Mama tu, Bibi yako, aliyewaacha watu wasifu, na baadaye akashindwa kurudi nyuma.

Kwa hiyo, mwanangu, mashine yako haikutahiniwa kwa mkono mgeni. Ilitahiniwa kwa mkono wa mwalimu wake.

Tafuta rejesta za mji mwingine. Mahdia wanazo, na zimeshapigwa picha. Itahini kwa hizo. Kisha niandikie namba, iwe yoyote.

Naziha

*

Kairouan, 3 Septemba

Mama Mdogo,

Hamsini na nane.

Nimerudia kwa rejesta za ofisi nyingine, ikashuka zaidi. Nimekaa na kurasa za Babu na za Belhassen sambamba na nikaona nilichokuwa nikikitazama kwa miaka mitano bila kukiona: namna mkia wa herufi ya mwisho unavyoinuka pale wino unapokaribia kukauka, kotekote, katika kila jalada. Mtoto angeona. Nilitunga sura nzima kueleza kwa nini mikono miwili inafanana, na sikujiuliza kama ni miwili.

Sijamwambia mtu. Mama ananiletea chai mlangoni na kuondoka kwa kunyata, maana anadhani naandika. Sahani nairudisha jikoni kama ilivyokuja. Juzi nilipanda basi la Sfax nikamwambie mkuu wa kitivo, nikashuka nusu ya njia, nikasimama barabarani kwenye mashamba ya mizeituni mpaka basi la kurudi likaja. Sikujua nimesimama kwa nini. Nilitamani tu nisiwe mtu anayetakiwa kufika popote.

Nimefikiri, na hoja yangu ni hii. Keshishian anajua hesabu, hajui ofisi za wathibitishaji wa Kairouan. Baraza hawajui. Wanaojua ni watatu: wewe, mimi na Bibi, na Bibi hatasema. Muhtasari ulishakubaliwa kwa namba ile. Akiandika barua yake Oktoba, nitatetea mwakani, na kati ya hapo na mwakani nitaitengeneza mashine kwa haki, nitaifikisha panapostahili, na hakuna atakayekuwa amedhulumiwa. Mwongo ni yule anayetaka kudanganya daima. Mimi naomba mkopo wa muda.

Nisome tena hiyo hoja na uniambie ina kasoro wapi. Nikiisoma mwenyewe naiona nzima, kisha naifuta na kuiandika tena.

Nyamaza mpaka Desemba. Sijawahi kukuomba kitu kingine.

Skander

*

Constantine, 10 Septemba

Mwanangu,

Nimepokea leo na najibu leo.

Kwanza, kula. Mwambie Mama yako akupikie kitu cha majimaji, na ukae naye jikoni mpaka umalize. Usipande basi peke yako. Nimempigia simu, nimemwambia tu kwamba unaumwa na mtihani. Amesema hilo alilijua kwa namna unavyofunga mlango.

Hoja yako ina kasoro hii: unakopa kwa jina la mtu mwingine. Ikianguka, itamwangukia aliyetia saini.

Sitasema kwa niaba yako. Sitakwenda kwa Keshishian kukuchongea kama vile una miaka saba. Wala sitadanganya, nikiulizwa, nitajibu. Nilichagua kujitoa kwenye faili lako na nitabaki nje, hata kama nje kwenyewe kunaniunguza.

Lakini ile saa moja ya ulezi, itumie ilivyokusudiwa. Nimeziona saa hizo kwa miaka mingi. Wanafunzi huja na kilichong'arishwa, walezi husifu, wote wawili huenda kula. Ni saa iliyotupwa. Mlezi hana kazi na kitu kizima. Mpelekee hamsini na nane. Iweke mezani kabla hajavuta kiti.

Nitakuwepo ukumbini. Meza yako sitaikaribia.

Naziha

*

Mahdia, 23 Oktoba

Mama Mdogo,

Tuko katika hoteli moja na nakuandikia barua. Nitaipitisha chini ya mlango wako, kwa kuwa kesho asubuhi naondoka na basi la kwanza na sitaweza kukutazama. Uliyoyaona ukumbini ni nusu. Nakuandikia nusu nyingine.

Saa yangu ilikuwa jana, meza ya dirishani. Keshishian alikuja akiwa na bakora na vikombe viwili vya kahawa kwenye mkono mmoja, akakataa nimsaidie. "Kijana wa Kairouan! Kurasa zako nne nimezisoma tena ndani ya ndege. Tisini na nne! Umemroga nani?" Nikafungua kinywa. Nakuapia, nilikifungua. Akaniwahi. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani, na ilikuwa barua kwa baraza langu, imeshachapwa. "Nimeiandika nyumbani, ili saa yetu tusiipoteze kwa kubembelezana." Akaitia saini mbele yangu, akanisukumia. "Haya. Hilo limekwisha. Sasa niambie, unataka kufanya nini maishani?"

Nikaitia mfukoni. Nikamwambia ninachotaka kufanya maishani. Mama Mdogo, nilizungumza kwa ufasaha ambao sijawahi kuwa nao. Nilinena juu ya uaminifu wa maandishi ya kale, juu ya deni letu kwa watu waliokufa wakiamini kwamba hati zao zitasomwa sawasawa. Alinisikiliza akitikisa kichwa. Saa ikaisha.

Leo asubuhi uliyaona. Walezi walipowatambulisha wanafunzi wao, akasimama kwa bakora yake na kusema: "Watu huniuliza kwa nini bado nakuja kwenye makongamano na magoti haya. Nakuja kwa ajili ya kijana kama huyu. Nimemtilia saini, na wanaonijua wanajua mimi sitii saini ovyo." Wakapiga makofi. Nilikutafuta kwenye meza ya mwenyekiti. Ulikuwa umeinamisha kichwa kwenye makaratasi yako na hukupiga makofi. Kisha nikapanda jukwaani, nikaonyesha tisini na nne kwenye ukuta mkubwa kama nyumba.

Nilimfuata kwenye korido.

"Profesa, zile rejesta mbili zimeandikwa na mtu mmoja."

"Zipi?"

"Zangu zote. Babu yangu alitia saini tu. Namba ya kweli ni hamsini na nane."

Akacheka. "Acha utani, bado sijala." Aliponitazama akaacha kucheka. "Umejua lini? Sasa hivi? Kuna mtu amekwambia humo ndani?"

"Nimejua tangu Septemba."

"Septemba." Akaegemea ukuta. "Jana tulikaa saa nzima, mimi na wewe. Nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza nataka kufanya nini maishani."

"Na wewe ukanihutubia juu ya uaminifu wa maandishi! Nikampigia mke wangu simu, nikamwambia nimempata mtu!" Watu wakageuka. Akashusha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ungeniambia jana, ningekuwa mlezi wako. Tungeagiza kahawa nyingine tukafungua hizo kurasa. Leo umenifanya shahidi wako, bwana. Shahidi wa uongo, mbele ya watu niliofanya nao kazi tangu kabla hujazaliwa."

Akanyoosha mkono. Nikampa barua. Hakuichana, aliikunja vizuri akairudisha mfukoni kwake.

"Baraza lako nitawaandikia mstari mmoja, kwamba saini yangu nimeiondoa. Sababu utawaambia wewe."

"Watanifuta."

"Ndiyo, watakufuta."

Akaenda hatua chache, bakora ikigonga sakafu, akageuka. "Hamsini na nane kwa mkono mgeni, katika mwandiko ule, si aibu. Ndiyo inayoniuma. Ungekuja nayo, tungekuwa na kazi ya kufanya."

Sina la kuongeza. Hoja zimeniishia. Uliniambia niiweke mezani kabla hajavuta kiti, na sikuwa hata na ujasiri wa kuchelewa kidogo, nilichelewa kabisa.

Skander

*

Constantine, 12 Novemba

Mwanangu Skander,

Barua yako niliipata ukiwa tayari umeondoka. Niligonga chumbani kwako. Mhudumu alikuwa anakunja mashuka.

Keshishian alinijia siku ileile. Aliniuliza kama nilijua. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tangu lini. Nikasema habari ya mkono tangu Juni, namba tangu Septemba. Hakupaza sauti. Akasema, "Na ukaniacha nisimame." Nilimweleza habari ya kujitoa kwenye faili, jinsi nilivyotoka chumbani, jinsi nilivyozishika sheria zote. Nikawa najisikia ninavyoongea, na nikaona kwamba nimekuwa nikizitumia sheria kama ulivyoitumia sura yako ya pili. Kutoka chumbani ni jambo moja. Kukaa kwenye meza ya mwenyekiti na kunyamaza huku mzee wa watu akijifunga kitanzi ni jambo jingine. Nimeandika kujiuzulu. Wamekubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Hili si lako kulibeba. Usiliongeze kwenye mzigo wako. Nakwambia ili usidhani kwamba katika ukoo huu ni wewe peke yako uliyechelewa.

Nenda kwa baraza mwenyewe kabla ya mstari wa Keshishian kufika. Vaa koti la buluu. Usitoe hoja.

Naziha

*

Kairouan, 19 Desemba

Mama Mdogo,

Nilikwenda. Nilivaa koti la buluu. Niliwaeleza kazi ya Belhassen na kazi ya Babu, nani aliandika na nani alishuhudia, na nikawapa namba. Mmoja wao, mzee ambaye baba yake naye alikuwa mthibitishaji, alitabasamu kana kwamba amekumbuka harufu fulani. Kisha wakaniomba nisubiri nje, wakaniita, wakanisomea. Jina langu limefutwa tangu tarehe kumi na moja. Mstari wa Keshishian ulifika baada ya hapo. Wiki iliyofuata nilijaribu kuingia maktaba, na mlango wa kadi ukanikatalia kwa mlio ambao watu wote waligeuka kuusikiliza.

Mama nimemwambia. Alilia kidogo, akaniuliza kama sasa nitakula. Bibi nimemwambia pia, yote, mpaka mkono wa Babu. Akasema, "Lakini mfereji wa maji alikuwa akiukumbuka yeye," akaomba asomewe ukurasa mmoja. Nilimsomea mkataba wa dada wawili na kisima chao. Alikuwa akiwajua.

Na Mama ameniambia kuhusu Baba Mdogo Abdelhak: upasuaji wa Julai kule Algiers, na kwamba tangu hapo hasemi. Wewe hukutaka Bibi ajue, nami sikutaka kujua chochote. Nimezisoma barua zako upya. Salamu zake zimo katika ile ya Juni na hazimo katika nyingine yoyote, na mimi, ninayedai kusoma mikono ya watu, sikuuliza hata mara moja. Pale Mahdia nilikuona ukitoka ukumbini mara kwa mara na simu sikioni. Nilidhani unanikwepa. Sijui namna ya kuomba radhi kwa hili, na sitajaribu kwa maneno mengi.

Usiku silali vizuri, na mchana nafanya kazi. Sikuacha, sina jingine ninalolijua. Nimetenga kurasa za Mahdia ambazo mashine inazikosea vibaya zaidi, nazo zote ni za mkono mmoja, mtu aliyeandika kwa haraka na kuunganisha nukta zake kuwa mstari. Namba imepanda mpaka sitini na moja, kisha ikashuka tena, na sielewi kwa nini imeshuka. Sina wa kumwuliza. Msimamizi wangu wa Kanada hana wajibu kwangu tena, na kwa Keshishian siwezi kuandika, si mwaka huu.

Mimi sasa si mwanafunzi wa mtu yeyote, na wewe si mwenyekiti wa kitu chochote kinachonihusu. Hakuna kamati ya kutoka chumbani kwa ajili yangu. Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo mwezi Mei nisingekuwa na adabu ya kuliomba: uwe mlezi wangu. Nimezitia kurasa zenyewe ndani ya bahasha hii, zile mbaya, na alama nyekundu mahali ambapo sielewi. Zitazame pale Abdelhak anapolala. Kama huna nafasi, zirudishe bila maneno, nitaelewa.

Niwe wazi kwako katika jambo moja zaidi. Miaka yote nililalamikia tarehe ya mwisho. Sasa sina tarehe. Naamka, nafungua kurasa, na hakuna popote zinapotakiwa kufika. Nijibu, Mama Mdogo, hata ukinijibu kwa kalamu nyekundu tu.

Mwanao,
Skander